Maziwa Ndani ya Damu ya Timotheo

Miaka ile ya foleni za sukari, Timotheo alikunywa chai ya chumvi na akashukuru. Biashara ilipofunguliwa, enzi ya ruksa, sukari ikajaa hadi vibandani kijijini Mlola, akaanza kulipiza kisasi, na wasaidizi hakuwakosa. Alikuwa mzee wa kanisa. Kazi yake kupita nyumba kwa nyumba kusali na watu, na hakuna nyumba iliyokubali atoke bila chai tamu. Sukari ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Mama mwenye nyumba alimtilia kwa mkono wake, kijiko juu ya kijiko, na mkate mweupe wa jamu kando. Tumbo likatangulia, watu wakasifu: "Ruksa imemkubali!"

Alichokiogopa ni mafuta. Shemeji yake wa Tanga alimwambia yanaziba moyo, basi Timotheo akaacha nyama, maziwa, mayai, hata parachichi la shambani kwake. Pengo akalijaza kwa ugali wa sembe na viazi.

"Moyo wangu msafi kama kikombe cha ushirika," alijigamba.

Jumapili moja, katikati ya wimbo, kifua kikambana, jasho likamtoka, akakaa chini kwaya nzima ikimtazama. Mkewe Yusta hakumwomba ruhusa. Kesho yake alfajiri walikuwa juu ya magunia ya kabichi kwenye lori, wakielekea hospitali, Lushoto.

Daktari alikuwa binti mdogo. Akamwamkia, akampima presha, akamzungushia utepe tumboni.

"Unanishonea suti, mwanangu?" Timotheo akamtania.

Binti akatabasamu, akamtoa damu, akawaambia wasubiri. Aliporudi hakuwa na tabasamu. Alishika kichupa cha damu iliyokwisha kutuama: chini nyekundu, lakini juu, pale ambapo pangekuwa na maji maangavu ya manjano, palikuwa peupe na pazito kama mtindi.

"Nini hicho?"

"Damu yako, mzee."

"Hapana. Mmechanganya na maziwa ya mtu."

"Ni mafuta."

"Mafuta! Mimi? Tangu nimeacha nyama nimesahau hata harufu yake!"

"Sasa unakula nini?"

Yusta akawahi kujibu. "Sembe, mkate, viazi, jamu. Na chai za Mlola nzima."

"Basi ndiyo hayo," daktari akasema taratibu. "Sukari na sembe vikizidi, ini linavigeuza kuwa mafuta. Na sukari ya damu iko juu, presha juu, tumbo nalo hilo. Vinatembea pamoja, na vyote vinauelemea moyo. Ukiendelea hivi, mzee, vitakuua."

Timotheo alitafuta utani, maana utani ndio uliomvusha njaa na foleni. "Ipelekeni kiwanda cha jibini Irente, wakaigandishe." Hakuna aliyecheka.

Akaambiwa: sukari basi, ugali kidogo, tena wa dona, maharage, mboga za majani, na parachichi lake alirudie.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba ya Efrazia, aliyefiwa na mumewe mwaka uliotangulia. Walipomaliza kusali, Efrazia akachota kijiko cha kwanza. Timotheo akafunika kikombe kwa kiganja.

"Usitie, dada."

Mama yule akabaki na kijiko hewani. "Nimekukosea nini, mghoshi? Kwa wengine unakunywa. Nyumba ya mjane ndiyo chungu?"

Aibu ikamchoma, nusura aondoe mkono. Lakini akilini alikiona kile kichupa. Akamweleza yote, kifua, ini, ule weupe.

"Kama mtindi?" Efrazia akauliza.

"Kama mtindi."

Kijiko kikaanguka, sukari ikatapakaa mkekani.

"Marehemu walimtoa damu kabla hajafa. Muuguzi alinionyesha. Nyeupe hivyo hivyo. Nikasema amerogwa, huu ni mkono wa wifi yangu Marta. Tangu mazishi sijamsalimia." Akajishika mdomo. "Na kila alipolalamika kifua, nilimwongezea sukari apate nguvu."

Timotheo akainua kikombe. Akanywa ile chai chungu yote, mpaka majani ya chini.

Efrazia akajifunga kanga. "Nisindikize kwa Marta. Peke yangu siwezi."

"Atatuwekea chai," Timotheo akasema.

"Ataweka. Na mimi ndiye nitakayefunika vikombe."