Matubwitubwi ya Sajini Olanya

Mimi Marita kunyamaza sikufundishwa. Siku Sajini Olanya alipokuja na shoka kukata mti wangu wa muko, Bwera nzima ilinisikia. Eti Kapteni Mugume, mkuu wake, anataka mahali pa kuegesha lori la kambi. Lori! Na muko wangu wenye maua mekundu, ambao gome lake tunachemsha kwa homa, uende wapi?

"Mama, hiyo ni oda," Sajini akasema.

"Haya, kata. Lakini watoto wote wa hapa matubwitubwi yao wameyaacha humo. Ukiuangusha, yatahamia kwako."

Akacheka. Akapiga shoka mara moja, kengele ya chakula ikalia kambini, akaondoka.

Kesho yake shavu la Sajini lilikuwa limevimba. Watoto wa kambini walikuwa wakiugua matubwitubwi tangu wiki iliyotangulia, lakini nani angekumbuka hilo? Jumamosi alikuwa anamwoa Mackline, na kila mtu anajua ugonjwa huo humshukia wapi mwanamume mzima, chini ya mkanda. Akaja kwangu mpole kama mkwe.

"Mama yangu, nisaidie. Harusi imefika."

Nilimwonea huruma, jamani. Nikamtwika kuni, nikamwambia azunguke mti akisema, "Muko, chukua matubwitubwi yako," azitupe, aende zake.

"Sharti ni moja. Usigeuke nyuma, hata nyumba ikiungua."

Akazunguka, akatupa kuni, akashika njia. Majirani wakamwita kwa utani, wapi, hakugeuka! Nikajua huyu amepona.

Ndipo Kapteni Mugume akatokea nyuma yetu, shoka mkononi, akaona mti bado umesimama na mtu wake anaondoka.

"Sajini Olanya!"

Sajini akaongeza mwendo.

"Sajini! Nyuma... geuka!"

Maskini, miguu ya askari haiulizi kichwa. Akageuka, visigino pa! Halafu akaelewa.

"Afande, umeniua!" akalia.

Kapteni akanitazama. Nikamweleza yote, mpaka pale ugonjwa unaposhukia. Nikaongeza, "Na aliyemgeuza mgonjwa, wanagawana."

Akajishika shavu. Mkono ukashuka, akaurudisha upesi. Akaweka shoka chini.

"Mama, kuni ziko wapi?"

Wakazunguka wote wawili, Kapteni mbele, wakatupa kuni na kushika njia.

"Afande, shoka lako!" nikaita.

Hakugeuka. Ninalo mpaka leo, na linapasua kuni vizuri sana.