Blanketi la Wakwe

Huku kwetu Australia, jangwani, kwa sisi wenyeji wa asili, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani, hawasemezani, wala hawapandi gari moja. Mume wangu Selwyn alikuwa amenioa miaka mingi, na bado akisikia kikohozi cha mama dukani alitoka kwa mlango wa nyuma. Tulimcheka sana, lakini heshima ndiyo hiyo.

Moyo wa mama uliharibika utotoni, kwa homa ya koo iliyozunguka nyumba ambamo watoto walilala wamepangana kama kuni. Tangu hapo mapigo yake yalikwenda mbio, yakakwama, yakarudi. Asubuhi ile hayakurudi sawa. Nilimwekea kiganja kifuani, nikaogopa.

Zahanati yetu ilikuwa na kufuli. Nesi aliondoka na mwingine hajaletwa. Ndege ya madaktari ilikuwa imekwenda kwa mgonjwa mwingine. Gari zima lilikuwa moja tu, la Selwyn, na mimi kuendesha sijui.

Nilidhani mama atakataa. Kumbe Selwyn alishatundika blanketi garini, kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, fundo huku, fundo kule, akageukia nyikani ili mama apite.

"Mwambie mumeo asiendeshe kama anakimbiza kangaruu," mama aliniambia akipanda, kwa sauti ya kumfikia mwenyewe.

"Mwambie mama yako mashimo si yangu, ni ya serikali," Selwyn akajibu.

Mama akacheka, pumzi ikamkatika, akacheka tena. Njia ni ya vumbi na mawe, na mji uko mbali. Nilimshika mkono. Jua lilipopanda usingizi ukanipitia kidogo, nikashtuka gari limesimama.

"Delvene," Selwyn alisema kwa upole, nyuma ya blanketi. "Mama yako simsikii tena."

Miaka yote hakumjua kwa macho, alimjua kwa masikio. Alitambua kabla yangu mimi niliyemshika mkono.

Mjini daktari alitupa pole. Akaliona blanketi, akauliza ni la nini, nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema mila hizi ndizo zinazowachelewesha wagonjwa.

Hasira ile ninayo mpaka leo.

"Daktari, blanketi lilifungwa kabla mama hajavaa viatu," nilimwambia. "Zahanati imefungwa tangu Pasaka. Andika hilo."

Akachukua kalamu, akaandika kilichomuua mama. Aliandika moyo.