Mzigo wa Masolwa

Jumatano saa tano asubuhi Levina, fundi cherehani wa Isevya, aliacha sare za shule katikati akaenda ukumbi wa Chemchem kuvaa miwani ya historia. Nassibu, fundi wa mitambo, alimkalisha kitini, akamvalisha, akamwambia atazame tu.

Ndani ya miwani, msafara wa zamani ulikuwa ukitoka Ujiji. Mpagazi mmoja alimjia na pembe ya ndovu begani, shingo imepinda. Levina alilelewa vizuri. Mtu mwenye mzigo hatazamwi, hupokewa.

"Shikamoo," alisema, maana yule alikuwa kijana lakini amekufa zamani. "Lete nikupokee."

"Marahaba, mwanangu. Tangu Ujiji wewe ndiye wa kwanza."

Alipovua miwani, pembe ilikuwa mapajani pake, nzito kama mtoto wa darasa la pili. Mpagazi alikuwa sakafuni akijikanda bega. Alisema anaitwa Masolwa, kwao upande wa Kaliua. Alikunywa majagi mawili ya maji, akajilaza mkekani akasinzia. Nassibu alipita pembeni asimkanyage.

Saa saba alifika afisa wa wanyamapori. Kukutwa na pembe ni jela, tena si ya mchezo. Levina alimwonyesha mwenye mali: tajiri wa msafara ule, ambaye jina lake limeandikwa kwa shaba juu ya mlango wa ukumbi. Afisa alilisoma lote.

"Huyu hakukutwa na kitu," alisema. "Umekutwa nayo wewe, mama. Irudi ilikotoka kabla ya saa kumi, au tuongozane."

Levina hakukalika. Alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Nyumbani alikuwa na mama asiyeona, anayelishwa kwa mkono. Alimwonea huruma Masolwa alivyokoroma, na kwa mara ya kwanza aliichukia adabu aliyofunzwa. Alimfunika kanga, kisha akamfunua.

Saa kumi kasorobo alimtikisa.

"Tumefika Bagamoyo?"

"Bado, baba."

Masolwa aliitazama pembe, akazitazama pingu mkononi mwa afisa. Alichuchumaa, akainamisha shingo upande ule ule.

Levina alichana kanga yake, akaikunja nene, akamwekea begani. Akavaa miwani na kumtwika kwa mikono yake mwenyewe. Alipoivua, mkeka ulikuwa mtupu. Afisa alimshukuru kwa ushirikiano.

Nassibu aliurudisha msafara Ujiji, akaita anayefuata.