Mtoto Aliyelala Mgongoni

Kwa miaka minne Waridi alikuwa na mimba, na nyumbani kwa mumewe, Hemedi, hakuna aliyeona ajabu. Mimba ilikuwa imelala tu.

Ilianza mwaka wa pili wa ndoa. Damu yake ilikatika, tumbo likanenepa, na mama mkwe wake, Bibi Subira, akamfunga kamba ya pamba kiunoni, kama yeye alivyofungwa zamani, ili mtoto asidondoke. Miezi tisa ikapita, ikawa kumi na miwili. Kisha damu ikaja kwa kishindo siku kumi na moja, ikapotea tena karibu nusu mwaka. Mwingine angesema mimba imetoka. Bibi Subira alimpapasa Waridi mgongo polepole, akasema mtoto ameshtuliwa na kitu, amepanda mgongoni akalala. Mambo hayo yalijulikana pale Kabambare. Shangazi yake Bibi mwenyewe alibeba mimba miaka mitatu, akazaa mtoto mwenye meno.

"Kazi yetu ni kumngoja," alisema. "Fundo nimelifunga mimi, na mimi ndiye nitakayelifungua siku ya uchungu."

Tangu hapo, kila asubuhi baada ya sala, alikuja kuligusa lile fundo na kulisalimu tumbo, kama bibi anavyomtania mjukuu wa kiume.

"Umeamkaje, mume wangu? Bado usingizi tu? Mke wako nazeeka huku!"

Waridi alipoanza kuota nywele kidevuni, ngumu na nyeusi, bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mume wangu ameota ndevu humo ndani! Hana pa kuziweka, anazitoa kwa mama yake."

Waridi naye alicheka. Kila Ijumaa aliingia bafuni, nyuma ya ua wa matete, akazinyoa kwa wembe wa Hemedi. Hakuziona kuwa zake. Zilikuwa za mtoto, na mtoto alikuwa na jina ambalo hakumwambia mtu: Abedi, jina la marehemu baba yake. Akipalilia pamba aliongea naye kimoyomoyo. Akila kitu kitamu alitafuna taratibu, ili na yeye apate.

Siku moja mtoni jirani yao Odile, mwenye mimba ya tatu, alimwita mbele ya wanawake wote.

"Waridi! Huyo wako akitoka, atatoka na kodi yake mkononi!"

"Atalipa na ya mume wako," Waridi alijibu, "maana yeye kila mwaka, siku za kodi, anajificha porini."

Wakacheka wote, na Odile zaidi yao. Lakini Waridi alipojitwika mtungi, neno lile lilikuwa limemwingia. Mtoto wa miaka minne ni mtoto anayekimbia. Anaishije mahali padogo vile? Akaanza kuogopa kwamba Abedi atafia humo humo, naye hatajua siku wala saa.

Ndipo akamwomba Hemedi ampeleke Kasongo, kwa munganga wa kizungu wa hospitali, amwamshe mtoto. Hemedi alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, na kila msimu alikwenda Kasongo kuchukua vitambaa. Aliomba karatasi ya njia, ya ruhusa ya kusafiri, kwa karani wa chifu, ikaandikwa majina mawili. Bibi Subira alifikiri siku tatu kabla ya kukubali.

"Nendeni. Ila wasimtoe kwa kisu. Wamwamshe tu. Kuzaliwa atazaliwa hapa, mikononi mwangu."

Walipanda kamio, lori la mfanyabiashara, juu ya magunia ya mpunga, wakafika siku ya pili. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia upande wa wanawake, basi Hemedi alibaki nje ya ua wa hospitali na bahasha ya ile karatasi ya njia mkononi.

Ndani, aliyempokea alikuwa Mathilde, mkunga aliyefundishwa na masista, ambaye pia alimfasiria munganga. Alimlaza Waridi mezani, akaona kamba, akachukua mkasi akaikata. Hakufanya kwa ubaya. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kukata nyingine kadhaa, na Waridi alichelewa kunyoosha mkono. Mathilde alimwekea kamba kiganjani.

"Shika, mama. Munganga anataka tumbo likae wazi."

Munganga alikuwa mtu wa mvi, na mikono yake ilikuwa baridi. Alimpima kwa muda mrefu. Aliuliza damu inakuja mara ngapi. Waridi akasema mara mbili kwa mwaka, pengine mara moja. Alimtazama kidevu, akakigusa kwa kidole, akauliza tangu lini. Kisha akanawa mikono, akazungumza kifaransa, na Mathilde akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Anasema hakuna mutoto, mama."

"Amelala," Waridi alisema. "Mwambie yuko mgongoni."

Mathilde hakufasiri. "Mgongoni hakuna nafasi ya mutoto. Anasema vile vifuko vya mayai yako vimekuwa vikubwa, na ngozi yao ni ngumu. Yai halitoki. Ndiyo maana damu inakawia, ndiyo maana hizi nywele. Si uchawi, na si kosa lako."

"Dawa yake?"

Mathilde aliuliza, akajibiwa. "Kuna wanaopasuliwa, wakakatwa kipande kidogo cha hivyo vifuko. Wengine wao wamezaa. Yeye hapa hafanyi kazi hiyo."

"Wapi wanafanya? Kindu?"

"Ulaya, mama."

Waridi alishuka mezani, akajifunga kitenge. Nyuma ya mlango aliizungusha kamba kiunoni, akaunganisha ncha zilizokatwa, akazifunga upya kwa meno na mkono mmoja.

"Wamesemaje?" Hemedi aliuliza alipomwona akitoka nje.

"Wamesema usingizi wake ni mzito."

"Hilo si tunalijua?" Akatabasamu, akampa ndizi mbili. "Moja yako, moja yake."

Alizila zote mbili. Safari nzima hakuongea na Abedi, hakujua aanzeje.

Asubuhi ya kwanza nyumbani Bibi Subira alikuja kama kawaida. "Umeamkaje, mume..." Vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye fundo. Vikasimama.

"Hili si fundo langu."

Waridi alishusha kitenge kuifunika kamba.

"Mimi nafunga kwa mkono wa kushoto, mwanangu. Nani ameikata kamba?"

Ikabidi amweleze, na alimweleza yote kwa mpango, kama alivyoambiwa: vifuko, ngozi ngumu, Ulaya. Bibi Subira alisikiliza akiwa amepiga magoti.

"Hakuna hata kidogo?"

"Hakuna, mama."

"Hata zamani? Hata mwaka ule nilipokufunga kamba?"

"Hata zamani."

Bibi alikaa chini sakafuni. Miaka minne alikuwa akiweka kibakuli cha udongo mweupe unaoliwa na wajawazito. Alikichukua, akatoka, akaumwaga nyuma ya jiko, akarudi na kibakuli kitupu.

"Hemedi nitamwambia mimi," alisema. "Ukimwambia wewe atalia, halafu atakataa kuoa mke wa pili."

Ijumaa ya juma lile lile baba mdogo wa Hemedi, mzee Lukumani, alikuja kuzungumzia posa ya binti mmoja wa kijiji cha Lusangi. Waridi ndiye aliyetwanga mpunga wa kumkirimu. Wanawake walipita uani wakamsalimu, na hakuna aliyempa pole, kwa kuwa hapakuwa na aliyekufa. Hakukuwa na mkeka wa kukalia, wala kaburi.

Mgeni alipoondoka, Bibi Subira alimfungua kamba, akalikata lile fundo geni, akaanza kuiviringisha kidoleni.

"Niachie mimi, mama. Niiweke tu."

"Si yako, mwanangu," Bibi Subira alisema kwa upole. "Ni ya nyumba. Itahitajika."

Waridi akachukua wembe, akaingia bafuni. Akajipaka sabuni kidevuni, akapapasa kwa vidole zile nywele ngumu za juma zima. Zilikuwa zake mwenyewe. Akaanza kunyoa.