Saa ya Saba ya Njia ya Maji

Sheria ya Klabu ya Filamu Ndefu ilikuwa moja tu, na Chrispin ndiye aliyeitunga: hakuna kuruka. Filamu ina saa kumi na moja. Kila Jumapili wanatazama saa moja, na wote wanabonyeza kwa pamoja saa tisa kamili alasiri, aliye Dodoma, aliye Mombasa, aliye Masasi, na Josephina peke yake kule Newala. Baada ya hapo wanahamia kwenye kundi la WhatsApp kubishana. Anayeruka mbele kajitoa mwenyewe.

Josephina hata angetaka kuruka asingeweza, kwa sababu faili zote alikuwa nazo Chrispin. Mtandao wa Newala ulishindwa kushusha mzigo mzito kiasi kile, hivyo kila Ijumaa Chrispin alitoka kwake Mkomaindo, Masasi, akafunga flashi kwenye karatasi ya daftari, akaandika juu yake namba ya simu ya Josephina na kumpa kondakta wa basi. Josephina aliipokea mchana na kurudi nayo kwenye steshenari alikoajiriwa kupiga chapa barua za watu.

Filamu iliitwa Njia ya Maji. Mzungu mmoja aliipiga mwaka 1972, kisha ikapotea kama haikuwahi kuwapo. Chrispin aliandika barua pepe kwa miaka miwili mpaka mjane wa yule Mzungu akakubali kumtumia. Haina msimulizi wala muziki. Wanawake kumi na wawili wanatoka kijiji kimoja cha Newala alfajiri, wanateremka ukingo mpaka chemchemi ya bondeni, wanateka maji, wanapanda kurudi. Kamera inawafuata hatua kwa hatua, bila kufupisha chochote. Gervas, mhadhiri wa Dodoma, aliiita kazi hiyo "uasi dhidi ya muda". Mama yake Josephina aliiita kuteka maji.

Lakini mama huyo huyo, Esther, hakukosa Jumapili hata moja. Alikuwa na sababu. Mama yake mzazi, Maria, alikufa Esther akiwa hajatimiza miaka miwili, na hapakuwa na picha yake popote duniani. Esther alikuwa na miaka zaidi ya hamsini na hakujua mama yake alikuwa na uso gani. Sasa kwenye karatasi ambayo mjane aliituma pamoja na filamu, yenye orodha ya yaliyomo, paliandikwa hivi: saa ya saba, mwanamke mwenye mtoto mgongoni anatua mtungi, anatazama kamera.

Bibi Shakila, jirani yao, alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Aliposomewa karatasi hakufikiria hata kidogo. "Aliyekuwa na mtoto siku ile ni mmoja tu. Maria. Na mtoto mwenyewe ni huyu hapa mama yako, alikuwa na kichwa kikubwa. Mengine mtayaona wenyewe."

Esther alikuwa anapoteza macho. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga. La kulia aliambiwa asitegemee lifike Krismasi. Ilikuwa Septemba walipoanza saa ya kwanza, na Josephina alihesabu: saa ya saba itaangukia Novemba, korosho zikiwa bado zinaokotwa. Watawahi.

Yote haya Chrispin aliyajua. Josephina alimwambia mwenyewe, akamwomba avunje sheria mara moja tu, ampelekee saa ya saba mapema. Chrispin alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mtani wangu, nikikuvunjia wewe, kesho nitamvunjia nani? Vumilia. Wamakonde mmevumilia kula panya miaka yote, mtashindwa wiki sita?"

Josephina alicheka. Angefanya nini? Chrispin ni Mmakua wa Masasi, yeye Mmakonde wa Newala, na tangu siku ya kwanza klabuni walikuwa wakitukanana mbele za watu kama ilivyo haki ya watani. Mtani hanuniwi. Akikuita mchawi unacheka, na wewe unamwita mlafi anacheka. Wanaklabu wa Mombasa walishangaa mwanzoni, baadaye wakawa wanangojea.

Mwezi Oktoba Chrispin alimtumia kipande cha sauti cha dakika tatu, sauti tupu bila picha. "Nitafsirie hii, mtani. Ni ya saa ya kumi, nataka niandae maandishi ya chini mapema." Josephina aliifungua uani, mama yake akimenya muhogo. Mwanamke alikuwa akigomba kwa Kimakonde, kwa sauti ya juu, bila kupumua.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Mtu wa kwenye filamu."

"Ana mdomo!"

"Kama wako."

Mama alicheka mpaka kisu kikamtoka. Josephina akaandika tafsiri neno kwa neno, tena kwa uangalifu, kwa sababu Kiswahili alikipenda na hakutaka hasira ya yule mama ipoe njiani. Mwishoni mwa kipande palikuwa na kilio, akaandika: mtoto analia. Akatuma.

Ijumaa ya kabla ya saa ya saba, Nancy wa Mombasa aliuliza kundini kama wote wameshapata faili. Chrispin akajibu: "Saa ya saba nimeila mwenyewe. Mtani wangu wa Newala nimemwekea makapi."

Josephina akaandika: "Mmakua akila peke yake huvimbiwa. Tutakuzika na flashi yako."

Vikaragosi vya kucheka vikajaa kioo.

Jumapili Esther alivaa kitenge kipya na kuketi karibu na laptopu kiasi kwamba pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo. Bibi Shakila alikuja na kigoda chake mwenyewe. Saa tisa kamili Josephina akabonyeza.

Wanawake walitembea. Migongo, ngata, mitungi, nyasi. Dakika kumi. Dakika ishirini na tano. Esther aligeuza kichwa ili jicho zima likae mbele. "Bado?"

"Bado, mama."

Dakika ya arobaini Bibi Shakila alisogeza kigoda. "Josephina, hawa mbona wanateremka?"

"Wanapanda, Bibi. Maji wameteka saa ya sita."

"Usinifundishe njia yangu. Huyo ni mimi, wa tatu. Ona nimegeuza shingo naongea na wa nyuma. Ukiwa na maji kichwani shingo haigeuki, unageuka mwili mzima kama fisi. Na ona mikono, yote inaning'inia. Mtungi uliojaa unashikwa kwa mkono mmoja mpaka ufike kwenye jiwe la kupumzikia. Hapo hakuna maji. Tunateremka."

Kundini Gervas alikuwa ameshaanza: "Angalieni mwongozaji anavyoturudisha kwenye mwanzo! Safari haina mbele wala nyuma! Huu ndio moyo wa filamu!" Watu saba walikuwa wamemuunga mkono.

Josephina alifungua saa ya tatu. Mbwa mwenye mkia uliokatika alivuka njia dakika ya kumi na mbili. Akarudi saa ya saba. Mbwa yule yule, kwa hatua zile zile. Kilichokuwamo kwenye flashi hakikuwa saa ya saba. Kilikuwa saa ya tatu iliyokatwa, ikaunganishwa upya na kupewa jina jingine, na wasomi wa nchi mbili walikuwa wakiisifia.

"Basi wapi pale Maria alipomgombeza Mzungu?" Bibi Shakila aliuliza. "Mimi ndicho nilichokijia. Alitua mtungi kwenye jiwe akamwambia, wewe mwenye mashine, tangu alfajiri unatutazama visogo..."

"...njoo ubebe," Josephina akamalizia, "ukajue maji yana uzito."

Bibi Shakila alimtazama. "Nani kakwambia?"

Josephina aliinua simu. Alimpigia Chrispin, akaiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi.

"Mtani! Umeionaje?"

"Saa ya saba iko wapi?"

"Si nilikwambia nimeila?" Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akakohoa. "Sikiliza, Jose. Kile kipande cha yule mama ni kikali mno. Nimekitengeneza filamu fupi, dakika kumi na tano. Imechaguliwa na tamasha, Ulaya. Sharti lao ni moja, isiwe imeonekana popote kabla ya Mei. Nimeshasaini. Na tafsiri yako nimeiweka yote, sijagusa hata nukta."

"Ulisema ni ya saa ya kumi."

"Ningesemaje?"

"Ulijua ni bibi yangu."

"Nilijua."

"Na macho ya mama uliyajua."

Hilo Chrispin alilipita kando. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejitetea kwa watoto: "Mei si mbali. Nitakuja mwenyewe Newala na projekta, tutaweka shuka ukutani, kijiji kizima kione. Na jamani, nilisema! Nilisema mbele ya kundi zima kwamba nimeila. Wewe ndiye uliyecheka."

Hicho ndicho kilichomchoma Josephina kuliko vyote. Hakuwa amemficha. Alichukua kitu ambacho babu zao waliwaachia ili watu wa makabila mawili waweze kuambiana lolote bila kugombana, akauweka wizi wake humo ndani, akijua kwamba mtani hataufungua.

"Mtumie mama sasa hivi," Josephina alisema. "Aione peke yake. Mtu mmoja, jicho moja. Nani huko Ulaya atajua?"

"Nimesaini, Jose."

Esther aliinamia simu. Chrispin alisikia kiti kikikwaruza sakafu, akatambua kwamba hawakuwa wawili tu.

"Mama yupo hapo? Shikamoo, mama."

Josephina alimtazama mama yake. Maisha yake yote hakuwahi kumwona akiacha shikamoo ya mtu ikidondoka chini. Waliomwibia korosho aliwaitikia. Hata baba aliyewatelekeza, aliporudi kuomba nguo zake, alisalimiwa vizuri.

"Shikamoo, mama," Chrispin alirudia.

Esther alinyoosha kidole, akapapasa kioo mpaka akapata pa kukatia, akakata.

Baada ya muda simu ikalia, ujumbe wa kundini. Chrispin alikuwa ameandika: "Mtani wangu amenuna leo. Au panya wameadimika Newala?" Vikaragosi vikaanza. Watu walikuwa wakingojea jibu la Josephina kama kila wiki.

Josephina aliandika, akafuta, akaandika tena: "Ndugu Chrispin. Mlichokitazama leo nyote ni saa ya tatu, iliyokatwa. Linganisheni mbwa, dakika ya kumi na mbili. Saa ya saba ina mama yake mama yangu, na unayo wewe. Mimi na wewe hatuna utani." Akatoka kundini. Hakungoja kuona Gervas atasema nini kuhusu moyo wa filamu.

Bibi Shakila alikuwa bado ameshika tama. "Ulijuaje yale maneno?"

Josephina alitafuta kwenye simu kile kipande cha Oktoba. Kilikuwapo. Akairudisha simu katikati ya meza, pale ilipokuwa. "Mama, yule mama wa mdomo," alisema. "Yule uliyemcheka ukimenya muhogo."

Esther aliisogelea simu. Sauti ilipoanza alifumba macho yote mawili, lile lililokufa na lile lililobaki. Mwanamke aligomba. Alimgombeza Mzungu, akaligombeza jiwe, akaigombeza mbeleko iliyomkata bega. Bibi Shakila alikuwa akitamka maneno pamoja naye, midomo tu. Kisha kikaja kile kilio cha mwishoni, chembamba, cha mtoto aliyechoka mgongoni.

"Na huyo anayelia?" Esther aliuliza.

"Wewe," alisema Bibi Shakila.

Kipande kikaisha. Esther alikaa vile vile, macho kafumba, mkono kauegemeza kwenye meza kana kwamba simu itaondoka.

"Mei," alisema. "Hata angesema mwezi wa kwanza." Halafu akafungua jicho la kulia, akalielekeza kwenye laptopu ambapo wale wanawake walikuwa bado wanateremka, migongo mitupu, mikono ikining'inia. "Zima hiyo."

Josephina akazima.

"Sasa rudisha ile sauti. Pale anapoanza."