Simu Mbili na Kimya cha Mwanasha

Griffin alizileta zile simu mbili zikiwa zimeviringishwa ndani ya taulo, mithili ya mtu aliyebeba mayai. Alizilaza juu ya mkeka uani kwa Mzee Tembo, pale Msambweni, kisha akarudi nyuma kidogo ili kila mtu aone. Moja ilikuwa nyeusi, nene, ina antena ndefu. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kijivu, ina kifuniko kinachofunguka na kujifunga kama kasha la miwani.

"Mzae, hii kubwa ni ya kazi," alisema Griffin, ambaye alikuwa ametoka bara na kufungua kiduka cha simu Ukunda mwaka huo huo wa tisini na tisa. "Ikianguka unaokota tu, unaendelea kubonga. Hii ndogo nayo ni ya mastaa. Unaitia mfukoni, hakuna mtu anajua uko na simu."

"Sasa niwe na simu watu wasijue kwamba nina simu, nitakuwa nimenunua nini?" aliuliza Mzee Tembo.

Mzee Tembo alikuwa mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu za kukamua mafuta, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta simu ya mkononi kwa bidii ambayo wengine huitumia kutafuta mke. Kila mfanyakazi wa hoteli za Diani aliyekutana naye alimsimamisha njiani kumuuliza: ipi husikika vizuri, ipi betri yake hukaa na moto, ipi haiharibiwi na chumvi ya pwani. Kila mmoja alimpa jibu lake, naye akazidi kuchanganyikiwa.

Dada yake, Bi Mbodze, aliziinua zote mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule.

"Hii nene yanikumbusha mume wangu wa kwanza," alisema. "Nzito, haipotei, lakini ukikaa nayo sana mkono wauma. Na hii ya kijivu ndiye yule wa pili. Kifuniko kinameremeta, ndani hujui kuna nini."

"Na wa tatu je, mama?" Griffin akauliza.

"Wa tatu kiwanda hakijamtengeneza bado."

Wanawake wa jirani waliokuwa wamekuja kuangalia maajabu hayo walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwanasha naye alicheka, lakini kimyakimya, ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, akikunja na kukunjua pindo la leso yake. Kwa wengine siku hiyo ilikuwa ya simu. Kwake yeye ilikuwa siku ya kujua kama ataolewa na Abdulwahab au la.

Mwanasha alikuwa mwalimu wa chekechea. Chuoni alipata alama nzuri katika kila somo, isipokuwa pale alipotakiwa kusimama mbele ya wenzake na kuzungumza. Mbele ya watoto aliimba, alicheza, alinguruma kama simba. Mbele ya watu wazima sauti yake ilikuwa ikimkimbia. Mama yake alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, na aliyemlea ni Bi Mbodze, shangazi yake. Baba yake, Mzee Chome, alikuwa dereva wa tajiri mmoja huko Maskati.

Posa ya Abdulwahab ilikuwa imefika, na Mzee Tembo, kama baba mdogo, aliipokea kwa mikono miwili. Lakini Mzee Chome alikuwa amesema tangu zamani kwamba binti yake hataozwa mpaka amuulize yeye mwenyewe. Kesho yake alikuwa aondoke na tajiri wake kwenda jangwani, mahali pasipokuwa na simu, kwa miezi kadhaa. Na mama yake Abdulwahab alitaka harusi iwe Shaaban hii, kabla ya mfungo. Kama jibu lingekosekana leo, alikuwa amekwisha kusema, angeipeleka posa kwa binti mwingine, binamu wa kijana huyo kule Lunga Lunga. Mshenga wake, Mzee Mwinga, alikuwa ameketi barazani mbele ya nyumba, viatu amevivua, kahawa mkononi, akingojea neno la kwenda nalo.

Nyumbani kwao hakukuwa na simu. Ndipo Mzee Tembo alipoona njia ya kuua ndege wawili kwa mawe mawili, kama alivyosema mwenyewe. Griffin alete simu zote mbili Ijumaa baada ya swala. Mzee Chome, aliyekwisha kupewa nambari zote mbili, apige hii ya kwanza, halafu ile ya pili. Yeye Tembo alinganishe sauti, na mtoto aulizwe posa yake.

"Netiweki iko hapa!" Griffin alipaza sauti. Alikuwa amezunguka ua mzima akiiinua simu nyeusi juu kama anayeanika kitu, na sasa alisimama karibu na tangi la maji, katikati ya shuka zilizokuwa zikichuruzika kambani. Basi mkeka ukahamishiwa huko.

Simu nyeusi ililia kwa ukali kiasi kwamba kuku walitawanyika.

"Mlio mzuri," Mzee Tembo alisema kwa kuridhika, kisha akaipokea kwa kupiga kelele, kwa kuwa Maskati ni mbali. "Asalaam aleikum, kaka! Shikamoo! Hatujambo! Wote! Na mbuzi pia! Wewe wasikiaje? Mimi nakusikia kama uko kisimani!"

Walisalimiana mpaka Griffin akaanza kuitazama alama ya betri. Mwishowe Mzee Tembo alimwita Mwanasha, akamwekea simu sikioni. Ilikuwa ya moto.

"Mwanangu," ilisema sauti ya baba yake, karibu mno, kana kwamba amesimama nyuma ya shuka. "Umekua. Watu wa Abdulwahab wamekuja kwa heshima. Nimekuita nikuulize. Wewe wasemaje?"

Mwanasha alifanya kama ilivyofaa binti aliyelelewa vizuri. Aliinamisha uso. Aliivuta leso ikamfunika mdomo. Akanyamaza. Wanawake wote waliokuwepo walikijua kimya hicho, kwa kuwa kila mmoja wao alikwisha kukinyamaza siku yake. Bi Mbodze alivuta pumzi tayari kupiga kigelegele.

"Halo?" alisema Mzee Chome. "Halo! Mwanasha? Halo! Imekatika hii."

Na akaikata.

Mzee Tembo aliichukua simu, akaitikisa, akaipuliza.

"Griffin, waniletea takataka? Mtu aongea na bintiye, sauti yapotea katikati!"

"Mzae, haijapotea! Netiweki imejaa, tazama!"

"Imejaa nini? Ndugu yangu amesikia upepo!"

"Mimi nilisema," Bi Mbodze alisema. "Mume wa kwanza huyo. Mzito, na ukimhitaji hayupo."

Kabla hawajamaliza, ile ya kijivu ikalia, mlio mwembamba wa kinanda. Safari hii Mzee Chome hakusalimia sana. Mwanasha alipewa simu, kifuniko kikamgusa shavu.

"Haya, mwanangu, sasa twasikilizana. Nakuuliza tena. Waridhia kuolewa na Abdulwahab?"

Mwanasha aliinama zaidi. Machozi ya haya yalimlenga. Ndiyo ilikuwa imejaa kifuani mwake, imembana mpaka pumzi, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba hutoka kwa mdomo. Alinyamaza kwa moyo wake wote.

"Halo? Halo!" Baba yake alipumua kwa hasira. "Na hii vilevile! Nipe Tembo. Tembo! Usinunue hata moja, zote mbovu!"

Mzee Tembo alimgeukia Griffin kwa macho ambayo yalimfanya kijana huyo alikusanye taulo lake. Bi Mbodze ndiye aliyeinyakua simu.

"Kaka, simu ni nzima! Mtoto amekubali! Amenyamaza!"

"Amenyamaza vipi?"

"Amenyamaza! Ameinama, leso mdomoni. Wataka nini tena?"

Mzee Chome akasema taratibu, na kwa kuwa Bi Mbodze alikuwa akiishika simu mbali na sikio lake kwa woga, wote walisikia.

"Mbodze, ningekuwa hapo nikamwona ameinama, ningeridhika. Hapa nilipo sioni kitu. Binti anayetaka akinyamaza, na binti aliyelazimishwa akinyamaza, mimi huku nasikia mamoja. Sitamwoza mtoto wangu kwa kimya nisichokiona. Waambieni watu wa Abdulwahab wanisamehe. Wangojee mpaka nitakaporudi."

Neno hilo lilipita mdomo kwa mdomo mpaka barazani, na Mzee Mwinga akakohoa. Ukasikika mlio wa kikombe kuwekwa sahanini, na miguu ikitafuta viatu.

Mwanasha aliisikia ile miguu. Aliiona Lunga Lunga, na binamu asiyemjua, na Shaaban inapita. Aliinuka kutoka mkekani, na baadaye hakuweza kukumbuka aliinukaje. Aliitoa ile simu mkononi mwa shangazi yake.

"Baba."

"Mwanasha? Wewe huyo?"

"Ni mimi. Shikamoo, baba. Haikukatika. Ile ya kwanza pia haikukatika. Nilikuwa nimenyamaza."

"Nisikie mwenyewe, basi. Wamtaka?"

"Namtaka," alisema, lakini upepo ulikuwa umeinua shuka, nazo zikapiga makofi kambani.

"Sikusikia, mwanangu!"

Mwanasha alifumba macho. Sauti iliyotoka ilikuwa ile anayowaitia watoto wakiwa wametawanyika uwanjani.

"Namtaka, baba! Namtaka Abdulwahab! Mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha!"

Halafu kutoka barazani, upande wa pili wa nyumba, sauti ya Mzee Mwinga ikajibu:

"Nimesikia, mwanangu! Hata kama simu isingekuwepo, Maskati wangesikia!"

Kigelegele cha Bi Mbodze kilipasuka hapo, kikaitikiwa na wanawake, kikavuka ua na kuchukuliwa na nyumba ya tatu ambako hawakujua hata kinachosherehekewa. Griffin, ambaye hakuwa na kigelegele, alipiga mluzi. Mzee Tembo alikimbia mbele kumzuia mshenga asiondoke bila kula, na njiani akateleza kwenye maji ya sabuni yaliyofulia zile shuka.

Mwanasha alisimama uso ukimwaka, leso imemwangukia mabegani. Alidhani angetamani ardhi ipasuke. Badala yake alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mtungi.

"Mwanangu," alisema baba yake, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Miaka yote hii sijawahi kukusikia ukisema maneno mengi hivyo. Nieleze basi. Ni mtu wa namna gani huyo?"

Naye akamweleza. Kwanza kwa kunong'ona, akiwapa watu mgongo, kisha bila kujali. Alimweleza kwamba Abdulwahab ni fundi wa umeme katika hoteli moja Diani, na kwamba alikuja shuleni kwao kutengeneza taa akawaomba watoto ruhusa kabla ya kupanda ngazi, mmoja mmoja, na mtoto mmoja akamkatalia, naye akamsubiri mpaka akakubali. Alimweleza kwamba akianza kusimulia kichekesho hucheka kabla hajafika mwisho, kwa hiyo mpaka leo hakuna anayejua vichekesho vyake huishaje. Baba yake alicheka, akauliza la pili, na la tatu. Mwanasha alikuwa akitembea sasa, anapita kati ya shuka mbichi, mkono mmoja ukieleza hewani mambo ambayo Maskati hawangeyaona.

"Ahaa," alisema Mzee Tembo, aliyekuwa amerudi na kanzu yenye mapovu. "Griffin, nimechagua. Naichukua hii ya kijivu. Hebu nipe niitazame tena."

"Mzae," Griffin alisema, "nitakupa aje? Iko na bibi harusi."

Mzee Tembo alinyoosha mkono. Mwanasha alimwona, akatikisa kichwa, akageukia upande wa pili wa tangi. "Si wewe, baba," alisema simuni. "Ni baba mdogo, ataka simu. Endelea. Ulikuwa waniuliza kuhusu mama yake."