Kwa Mgeni, Amejitahidi

Kule Budapest, mtunzi wetu wa muziki wa filamu aliitwa Szepesi Vidor. Alipofika Hollywood akajiita Victor Sheppard, jina linalompwaya kama koti la kuazima. Nampigia selo, ile fidla kubwa ya magotini, studioni tangu vita viishe, kwa hiyo namjua nje ndani. Filamu zake zote zina wimbo mmoja. Mwaka huu umepanda ngamia, mwaka ujao uko merikebuni na maharamia, halafu unamlilia farasi wa mchunga ng'ombe. Ukitiwa ngoma ni Uarabuni, ukitiwa kengele ni Uchina. Wamarekani wakampa tuzo, nasi tukaambiwa hicho ni kipaji.

"Gizi," huniambia, "hii ni riziki tu. Muziki wangu wa kweli, wa kwetu, unakuja."

"Unakuja kwa miguu?"

Kumbe ulikuwa unakuja. Baada ya vifaru vya Warusi kuingia Budapest, Bibi Terka aliletwa huku Marekani kama mkimbizi. Ndiye aliyemfundisha Vidor kuimba kanisani, huko mjini Pécs, alipokuwa mtoto. Sasa macho yake hayaoni, ila masikio ni wembe. Vidor akakosa usingizi. Tuzo zote hazikumtosha, alitaka neno moja tu kwa yule bibi: kwamba bado ni wa kwetu. Akatunga wimbo wa mama kwa kwaya ya klabu yetu ya Wahungari, akaamuru jina lake lisitajwe mpaka bibi awe ameshalia. Kiburi gani hicho!

Mazoezini nikaona kasoro. Sisi Wahungari hukanyaga mwanzo wa kila neno. "Mama yangu" ni ANyám, mguu chini, basi. Yeye kaandika aNYÁM, mkazo mwishoni, kama Mmarekani anayejifunza. Kwaya nzima ikachechemea.

"Bwana Vidor, hili neno umelivisha kofia mguuni."

"Wewe piga selo lako. Lugha hii nilizaliwa nayo."

"Ulizaliwa nayo, halafu ukaiacha bandarini."

Akacheka. Akauimba wimbo mbele yetu, kosa lilelile, wala hakulisikia. Kuongea anaongea vizuri. Mkono wa kutunga ndio uliohama. Mwacha asili ni mtumwa, na huyu hata hajui kuwa ameshauzwa.

Siku ya Mtakatifu Stefano, sikukuu ya taifa letu, ukumbi ulinukia pilipili ya paprika na kabichi. Tukaimba. Bibi Terka akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Vidor akamwendea, akambusu mkono.

"Umeuonaje, Bibi?"

"Mzuri. Ni nani huyo Mmarekani aliyeutunga?"

Nyuma mtu akacheka chinichini. Vidor alikuwa bado ameushika ule mkono.

"Msimcheke, jamani," bibi akaendelea. "Lugha yetu ni ngumu. Kwa mgeni, amejitahidi. Utamwambia, eh, mwanangu?"

"Nitamwambia, Bibi," akasema Vidor.